Fuata Njia ya Sarafu: Namna ya Kukagua Fonografu ya Kale ya Kutumbukiza Sarafu Kabla ya Kuinunua

Fonografu ni mashine ya kale ya kupiga sauti iliyorekodiwa, na ile ya kutumbukiza sarafu haikuimba mpaka mteja alipie. Ukizitazama kwa mbali, fonografu ya kutumbukiza sarafu na fonografu ya nyumbani ni ndugu wa tumbo moja. Kwa kawaida zote mbili zina sanduku la mwaloni, springi ya kutia ufunguo, ngoma ya chuma ya kuvishia silinda ya nta iliyorekodiwa wimbo, na kiwambo cha kutoa sauti. Kinachozitofautisha ni vipande vichache vya chuma na shaba vilivyojificha ndani ya sanduku. Vipande hivyo ndivyo vinavyofanya moja iuzwe kwa bei ya simu nzuri ya mkononi na nyingine kwa bei ya gari.

Niliujua ukweli huu kwa uchungu. Ninaishi New Jersey, jimbo ambako Thomas Edison, mvumbuzi wa fonografu, alikuwa na karakana zake, na mashine ya kwanza niliyonunua kwenye mnada ilinadiwa kuwa ya sarafu, ya mwaka 1898. Nilipoifungua nyumbani nikakuta chini ya mfereji wa sarafu skrubu mbili zenye kichwa cha nyota. Skrubu za namna hiyo zilianza kuenea miaka ya 1930. Fonografu ilikuwa ya kweli, ila sehemu ya sarafu ilikuwa imepachikwa juzi tu na fundi hodari. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo kila mashine naikagua kwa kufuata njia ile ile inayopita sarafu, kuanzia tunduni hadi kwenye kisanduku cha fedha, na njia hiyo ndiyo ninayokuonyesha hapa.

Kwanza elewa kwa nini zimebaki chache

Tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass, meneja wa Pacific Phonograph Company, aliweka fonografu ya Edison aina ya Class M ndani ya baa iliyoitwa Palais Royale, mjini San Francisco. Haikuwa na pembe ya sauti. Ilikuwa na mirija minne ya kusikilizia masikioni, kama ile ya daktari, na kila mrija ulidai senti zake 5. Taulo ziliwekwa karibu ili msikilizaji apanguse mrija kabla ya kuutia sikioni. Katika miezi sita hivi mashine hiyo moja iliingiza zaidi ya dola 1,000. Mwaka 1890 Glass na mwenzake William S. Arnold wakapewa hataza ya kifaa chao cha sarafu.

Kumbuka kwamba wakati huo fonografu iliuzwa hasa kama chombo cha ofisi, si cha burudani. Jesse Lippincott, aliyeanzisha North American Phonograph Company mwaka 1888, alizikodisha kwa maofisi kwa dola 40 kwa mwaka ili wakubwa wasomee barua zao ndani yake na makarani waziandike. Biashara hiyo ilisuasua, na kampuni ikafilisika mwaka 1894. Senti tano za watu waliokuwa baa, vituo vya treni na kumbi za starehe ndizo zilizoonyesha kuwa watu wako tayari kulipia muziki uliohifadhiwa. Mimi huwaza kisa hicho kila ninapogusa mashine hizi. Mtu asiyeweza hata kuota kununua fonografu aliweza kusikia bendi kwa dakika mbili. Babu zetu wa pwani walikuja kufanya jambo la jamaa na hilo miaka mingi baadaye, walipojazana migahawani kusikiliza santuri za Siti binti Saad.

Sasa, mashine iliyofanya kazi baa tangu asubuhi hadi usiku haikutunzwa kama ile ya sebuleni. Mwenyewe aliihesabia mapato tu. Ilipochakaa, au ilipokuja mashine mpya zaidi, au sinema ilipowanyang'anya wateja, ilitupwa, au iling'olewa sehemu ya sarafu ikauzwa kama ya nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikaingia mashine za umeme zilizokuja kuitwa jukebox, na katika Vita vya Pili vya Dunia chuma chakavu kilikusanywa nchi nzima. Tena tangu mwanzo zilitengenezwa chache mno zikilinganishwa na za nyumbani. Ndiyo maana unaweza kuzunguka minada mwaka mzima usione hata moja iliyokamilika.

Hatua ya 1: Zijue kwa sura na majina

Usiende mnadani bila kuwa na picha za aina hizi kichwani.

Class M ya Edison, ile ya San Francisco, iliendeshwa kwa betri ya majimaji ya takriban volti 2.5. Ni nzito, imetengenezwa kwa umakini wa ajabu, na ikiwa na kifaa chake cha sarafu cha asili ni kitu ambacho wakusanyaji wengi hawatakimiliki maisha yao yote.

Columbia BS ndiyo ambayo mtu wa kawaida ana nafasi ya kuikuta. Ndani yake kuna mtambo wa fonografu ndogo iliyoitwa Eagle, jina lililotokana na bei yake ya dola 10, kwa sababu sarafu ya dhahabu ya dola 10 ya Marekani iliitwa hivyo hivyo. BS yenyewe iliuzwa dola 20. Utaitambua kwa kioo chake kilichopinda juu ya sanduku, ambacho kilimruhusu mteja kuiona silinda ikizunguka. Kioo hicho kikivunjika, kupata kingine chenye mpindo ule ule ni kazi, kwa hiyo kikague mapema.

Kuna Multiphone ya New York, yenye silinda 24 zilizopangwa kwenye gurudumu kubwa ndani ya kabati refu lenye umbo la kinubi. Kampuni yake haikudumu, na zilizosalia ni za kuhesabu. Kuna Automatic Entertainer ya John Gabel wa Chicago, ya mwaka 1906, inayopiga sahani 24 badala ya silinda na kubadilisha sindano yenyewe. Halafu kuna Hexaphone ya kampuni ya Regina, ya Rahway hapa hapa New Jersey, iliyotoka mwaka 1909. Hii ina silinda sita, na mteja huchagua wimbo autakao. Kati ya mashine za kuchagua wimbo, Hexaphone ndiyo inayoonekana zaidi sokoni, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa anayeanza akiwa na fedha za kutosha, kwa kuwa zimebaki za kutosha kulinganisha moja na nyingine.

Ukitaka kuziona kabla ya kununua, Morris Museum ya Morristown, New Jersey, ina mkusanyo mkubwa wa vyombo vya muziki vya kujiendesha, na karakana ya Edison kule West Orange iko wazi kwa wageni. Aliye Uingereza ajiunge na City of London Phonograph and Gramophone Society, iliyoanzishwa mwaka 1919. Wazee wa vyama hivi wana macho ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Hatua ya 2: Beba vifaa vyako

Tochi, kioo kidogo cha mkono, sumaku, bisibisi ya bapa, rula ya milimita, taa ya urujuanimno (UV), na sarafu ya Marekani ya senti 5. Hiyo ya leo inatosha. Tangu karne ya 19 sarafu hiyo haijabadilika ukubwa wala uzito: kipenyo ni milimita 21.2 na uzito ni gramu 5. Sarafu iliyoko mfukoni mwako leo itapita kwenye mashine ya 1898 kama ile iliyokusudiwa.

Hatua ya 3: Tundu

Anza nje. Pima upana wa tundu la sarafu. Kama muuzaji anakuambia mashine ni ya Marekani na tundu linameza penny kubwa ya Kiingereza ya milimita karibu 31, muulize ilifikaje hapo. Jibu linaweza kuwa la kweli, kwani mashine nyingine ziliuzwa Ulaya, lakini lazima liwepo.

Kisha tazama ukingo wa chini wa tundu kwa tochi. Maelfu ya sarafu zikipita mahali pamoja huacha alama. Ukingo hulainika, nikeli ya juu huisha na shaba au chuma cha ndani huchungulia, na uso wa bamba hujaa mikwaruzo ya watu waliolikosa tundu kwa haraka au kwa ulevi. Ukingo mkali kama wa wembe kwenye mashine iliyochakaa kwingine kote ni ishara mbaya. Mwenye macho haambiwi tazama.

Bamba likiwa limetolewa, kagua mbao zilizo nyuma yake. Tundu la asili lilikatwa kiwandani, na mbao ya ndani ya mkato imekuwa na rangi ile ile ya uzee kama mbao zote za ndani. Mkato mpya huwa mweupe, au umepakwa chai na rangi ili uzeeke. Hapo ndipo taa ya urujuanimno inaposaidia: vanishi ya kale ya shelaki hung'aa rangi ya chungwa chini yake, ilhali vanishi nyingi za kisasa hazing'ai hivyo.

Hatua ya 4: Mfereji na wenzo

Hapa usiwe na haraka. Omba ruhusa ya kufungua sanduku. Muuzaji akikataa kabisa, mshukuru uondoke.

Sarafu ikishatumbukia huteremka kwenye mfereji mwembamba wa bati au shaba. Mwisho wa mfereji sarafu hufanya moja ya kazi tatu. Katika mashine za betri za mwanzo, iliunganisha mzunguko wa umeme. Katika mashine nyingi za springi, uzito wake ulibonyeza wenzo ulioachia breki. Katika nyingine, sarafu ilikwama kwa muda kati ya vipande viwili vya chuma na kuwa daraja: mteja anapozungusha mpini, nguvu hupitia kwenye sarafu yenyewe ndipo mtambo uachiwe. Bila sarafu, mpini huzunguka bure.

Tia sarafu yako uone. Isikilize ikishuka. Wenzo unapaswa kuanguka mara moja bila kusitasita na kurudi mahali pake wimbo unapokwisha. Ukilazimika kupigapiga sanduku, huenda ni vumbi na mafuta yaliyoganda tu, jambo la kurekebishika. Lakini pia huenda wenzo ulitengenezwa na mtu aliyebahatisha uzito. Tazama ekseli ya wenzo. Chuma kilichofanya kazi miaka mingi hulika upande mmoja, na tundu lake huwa yai badala ya duara.

Skrubu zote zitazame moja moja. Ziwe za mkato mmoja wa bapa kichwani. Ulinganishe rangi ya skrubu za sehemu ya sarafu na zile za mtambo: zikiwa zimekaa pamoja miaka mia moja na zaidi, lazima zitakuwa zimeshika kutu na mafuta ya aina moja. Tafuta pia matundu ya skrubu yasiyo na kazi kwenye mbao, na matundu yaliyozibwa kwa vijiti. Hayo hueleza kulikuwa na nini kabla. Mara moja niliikuta Columbia iliyokuwa ikiuzwa kama ya nyumbani, lakini ndani ya sanduku palikuwa na matundu manne yaliyozibwa na kivuli cha mfereji kwenye vanishi. Ilikuwa imezaliwa ya sarafu, ikang'olewa. Niliinunua kwa furaha, na mpaka leo natafuta spea zake.

Kuhusu sumaku: sarafu ya senti 5 ni asilimia 75 shaba na 25 nikeli, haivutwi na sumaku. Gabel alilitumia jambo hilo kwenye mashine yake, akaweka sumaku ya kunasa vipande vya chuma ambavyo wajanja walivitumbukiza badala ya fedha. Ukikuta sumaku ya kale kwenye njia ya sarafu, usiitoe ukidhani ni uchafu wa fundi fulani.

Hatua ya 5: Safari ya kurudi

Sehemu hii wanaoanza huisahau, nayo ndiyo inayomuumbua mghushi. Kwenye fonografu ya nyumbani, wimbo ukiisha mtu huinua kichwa cha sauti, yaani kipande chenye kiwambo na sindano, kwa mkono na kukirudisha mwanzo. Mashine ya baa haikuwa na mtu wa kufanya hivyo. Ilikuwa lazima yenyewe ikiinue kichwa, ikirudishe, ikitue mahali halisi pa kuanzia, kisha ijifunge breki mpaka sarafu nyingine ije. Kutengeneza tundu na mfereji wa bandia ni rahisi. Kutengeneza mtambo wa kurudisha ni kazi ya karakana kamili.

Kwa hiyo endesha mzunguko mzima, tena mara tatu mfululizo, ila bila silinda ya thamani juu yake. Kikirudi nusu njia, au kikitua katikati ya wimbo, jua kuna jino lililoisha au kipande kisichokuwa chake. Kama hakirudi kabisa na hakuna dalili kwamba kiliwahi kurudi, basi unachokitazama ni fonografu ya nyumbani iliyotobolewa tundu.

Hatua ya 6: Mwendo na sauti

Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa ngoma, tia ufunguo mpaka ujae, uhesabu mizunguko kwa sekunde 15. Silinda za kawaida za dakika mbili hupigwa kwa mizunguko 160 kwa dakika, kwa hiyo uhesabu 40. Silinda za nta ya kahawia za miaka ya 1890 mara nyingi zilirekodiwa kwa mwendo wa chini ya huo. Mwendo ukipandapanda na kushuka, tatizo liko kwenye gavana, vile vitufe vinavyotanuka vikizunguka, au springi imekauka grisi. Vyote hivyo vina mafundi.

Usiweke silinda yoyote bila kujua kichwa cha sauti kilichopo. Silinda ya dakika mbili ina mifereji 100 kwa inchi. Silinda ya Edison iitwayo Amberol, ya dakika nne, iliyotoka mwaka 1908, ina 200. Sindano ya dakika mbili ikipita juu ya Amberol ya nta huikwangua, na sauti hiyo haitarudi tena. Silinda ya nta ishike kwa vidole viwili vilivyotanuliwa ndani yake, usiiguse juu, wala usiitoe kwenye baridi ukaivisha papo hapo kwenye ngoma yenye joto, maana itapasuka. Nta ya kahawia yenye ukungu mweupe mimi siichezi kabisa. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka mtandaoni rekodi zaidi ya 10,000 za silinda zisikilizwe bure, na huenda wimbo wako umo.

Hatua ya 7: Kisanduku cha fedha

Sarafu humalizia safari hapa. Tazama kitasa, maana baa zilikuwa na wezi: alama za bisibisi kwenye mlango mdogo wa fedha ni za kawaida na mimi huzipenda. Washa tochi ndani kabisa, kwenye pembe na chini ya mbao za sakafu. Mara nyingi huwamo sarafu iliyoteleza, au kipande cha bati kilichokatwa duara. Usivitoe ukaviuza. Andika miaka iliyochapwa kwenye sarafu. Ikiwa ya mwisho ni ya 1911, unajua mashine ilikuwa bado kazini mwaka huo au baadaye.

Hatua ya 8: Kupanga bei

Gawa akilini mwako: mtambo, sanduku, sehemu ya sarafu, mtambo wa kurudisha, vifaa vya nje kama mirija, pembe na bango la wimbo. Mtambo wa fonografu wenyewe una spea tele. Sehemu ya sarafu na ya kurudisha ndizo thamani. Mashine chafu, yenye kutu, iliyopoteza pembe lakini ina njia yote ya sarafu ya asili, ilipie vizuri. Inayong'aa kama kioo, iliyopigwa msasa na vanishi mpya na kupakwa nikeli upya, ishushe bei hata kama inaimba. Nembo ya asili ya rangi iliyofutika nusu ni bora kuliko mpya iliyobandikwa jana. Na spea za kunakili si dhambi, ilimradi muuzaji aseme na bei iseme.

Hatua ya 9: Kusafirisha na kuweka

Kabla ya kuibeba, acha springi iishe nguvu yote. Toa kichwa cha sauti, funga kwenye kopo peke yake. Zuia wenzo wa sarafu kwa kitambaa, na usikazie chochote kwa waya. Silinda zisafiri nawe, kamwe zisiingie kwenye kontena, kwa sababu nta hulegea kwa joto la bandarini na baada ya hapo haitakuwa duara tena.

Kwa anayeipeleka Mombasa, Dar es Salaam au Unguja: adui ni watatu. Unyevu huleta ukungu kwenye nta na kutu kwenye springi, hivyo chumba kiwe na hewa kavu na mashine isikae karibu na ukuta wa bahari. Mchwa hula mwaloni kama wanavyokula ubao mwingine. Miguu ya kabati iinue kutoka sakafuni na uikague kila mwezi. Wa tatu ni umeme wetu wa volti 230 au 240. Mashine za umeme za Marekani zilitengenezwa kwa volti za chini zaidi, nyingine kwa umeme wa DC, na Class M kwa betri. Usiichomeke ukutani kwa jaribio la sekunde moja; sekunde hiyo inatosha kuunguza nyaya ambazo hazijaguswa tangu ziliposukwa. Mpe fundi wa umeme asome bamba la injini kwanza.

Ukishaiweka mahali pake, chukua kadi ngumu uandike ulipoinunua, mwaka, namba iliyopigwa kwenye mtambo, na kila kipande ulichobadilisha hata kama ni skrubu moja. Iweke ndani ya kisanduku cha fedha pamoja na zile sarafu ulizozikuta. Fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.